Mkono Uliotoka Kisimani

LEYLA: Haloo? Duka la Maka hapa, Eastleigh. Nani mwenzangu?

UGBAD: Leyla? Ni wewe? Ongea kwa nguvu, laini inakwaruza— haloo?

LEYLA: Ugbad! Abaayo! Asalaam aleikum! Uko wapi dada yangu?

UGBAD: Waaleikum salaam. Niko Garissa, kwenye kibanda cha simu cha posta. Mko salama? Maka? Watoto wake?

LEYLA: Salama, alhamdulillahi. Na huko? Mzee Barre? Mbuzi? Mvua—

UGBAD: Salama, wote salama, mvua hakuna. Leyla, salamu zitanimalizia sarafu. Nina jambo, na sijui nianzie wapi.

LEYLA: Barua imefika.

UGBAD: Barua gani?

LEYLA: Kwani hukupata... Basi. Hamna kitu. Sema wewe.

UGBAD: Barua gani, Leyla?

LEYLA: Ya salamu tu, nilimpa dereva mmoja wa lori. Hebu sema, umenitia hofu.

UGBAD: Jana. Kisima cha Majini. Ulitazama?

LEYLA: [anacheka] Wallahi wewe! Simu ya kutoka Garissa, saa nne asubuhi, roho imeniruka mpaka kooni, kumbe ni televisheni?

UGBAD: Usicheke. Stima ilipotea.

LEYLA: Ikapotea wakati gani?

UGBAD: Wakati wa mkono!

LEYLA: Wololo!

UGBAD: Sikiliza. Tumejazana kwa hoteli ya Timiro, wanawake hata pa kuweka mguu hakuna, wengine wamekuja na mikeka yao. Sehemu ya mwisho ya msimu wa mwisho, nani atabaki nyumbani? Tatu ameteremsha ile taa yake kisimani, kama kila jioni tangu mumewe Makame aingie mle. Kamba ikatikisika. Mimi natafsiri, sauti imenikauka. Mara mkono ukatokea kwenye ukingo. Mkono tu, Leyla! Vidole vitano, matope mpaka kwenye kiwiko. Nikafungua mdomo niwaambie "mkono"— giza! Mji mzima!

LEYLA: Ya Allah. Timiro alifanya nini?

UGBAD: Aliipiga ile tivi makofi kama punda aliyegoma. Halafu akakaa chini akalia. Mama mzima, ana wajukuu. Na Sirad akaanza maneno yake, ati mkono ni wa jini, kwa sababu Makame wa siku hizi si Makame.

LEYLA: Huyo Makame mpya hata sisi huku tulimkataa! Mtu anaingia kisimani na pua moja, anaonekana na pua nyingine?

UGBAD: Sirad anasema hilo ndilo fumbo lenyewe. Tangu msimu wa tatu, aliyeko kule chini ni jini amevaa sura ya Makame. Shamso anamwambia hakuna fumbo, mwigizaji wa kwanza aligombana na wenye kipindi wakaleta mwingine. Wameacha kusalimiana. Wamesimama hapa nje sasa hivi, mmoja kulia, mmoja kushoto, kama mabawabu.

LEYLA: Hapo nje ya kibanda?

UGBAD: Wamekuja wote! Nani mwingine ana dada Nairobi anayekaa karibu na simu? Ngoja— [kwa Kisomali, akigeuka] Tulieni nyinyi! Hajasema bado! — Ee, Leyla. Tuendelee na Kiswahili hivi hivi. Kioo cha mlango kimevunjika, wanasikia kila kitu.

LEYLA: Sirad si anajua Kiswahili?

UGBAD: Cha kuuzia maziwa. Kwani wangenitaka niwatafsirie miaka minne kama wangekuwa na kingine? Sasa niambie.

LEYLA: Manze, Ugbad, jana hapa ilikuwa kama Idi! Ghorofa nzima vigelegele. Mama wa chumba cha chini akatoa halwa aliyomwekea mgeni. Vijana wakapiga mabati. Hata Maka, na unajua Maka hacheki mpaka auze, alijifuta macho na kitambaa cha mteja! Ni kijana mmoja tu wa chuo aliyekasirika, ati mwisho rahisi mno, ati watungaji wamechoka, wametupa peremende tunyamaze. Nusura wanawake wampige viatu. Sasa ngoja nikuhadithie tangu mkono—

UGBAD: Subiri. Subiri kwanza, Leyla. Kabla hujaniambia, kuna jambo lazima ulijue. Mzee Barre naye yuko hapa nje.

LEYLA: Baba mkwe wako? Anangoja kusikia habari za Kisima? Yule aliyesema televisheni ni dirisha la shetani?

UGBAD: Bado anasema. Macho yake hayajaiona hata siku moja. Hukaa nje ya dirisha la Timiro, mgongo ameupa ukuta, tasbihi mkononi, anasikiliza ninavyotafsiri. Miaka minne. Timiro akimpelekea chai anamwambia amekuja kupunga upepo. Upepo gani Garissa, Leyla?

LEYLA: [anacheka] Masikini mzee wa watu.

UGBAD: Usicheke, nimekuambia. Mwezi uliopita wazee walikaa kwa ajili yangu. Wanasema miaka minne ya Bishar imetimia. Mwanamke aliyepotelewa na mume miaka minne, Kadhi anaweza kumhukumia kwamba yule mume amekufa. Wanataka niolewe na Dekow.

LEYLA: Dekow! Mdogo wake Bishar? Yule mtoto?

UGBAD: Si mtoto tena, ana ndevu. Lakini mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati akienda shule. Hata yeye mwenyewe akiniona siku hizi anavuka barabara. Dumaal ni desturi yetu, siikatai. Kaka akiondoka, mdogo wake anashika nyumba isibomoke. Lakini Bishar hajaondoka! Amepotea. Aliyepotea si hutafutwa?

LEYLA: Na wazee uliwajibu nini?

UGBAD: Nikawaambia wanipe muda. Wakaniuliza, mpaka lini? Neno likanitoka tu mdomoni: mpaka Kisima kiishe.

LEYLA: Ugbad! Mbele ya wazee?

UGBAD: Walinitazama kama mtu aliyepagawa. Mmoja akasema binti huyu apelekwe akasomewe. Barre ndiye aliyesema, mpeni. Mpeni mpaka hadithi iishe. Na unajua kwa nini? Kwa sababu naye ameipigia faali, kama mimi. Hatukuambiana, lakini najua. Ukumbuke, Bishar alipanda lori la sukari kwenda El Wak wiki ileile kipindi kilipoanza. Makame kaingia kisimani, Bishar kapotea barabarani. Bibi yetu alikuwa akipiga faali kwa kuhesabu tasbihi, tutapata mvua, hatupati. Mimi sina tasbihi, nina televisheni ya Timiro.

LEYLA: Abaayo, hilo ni jambo ambalo watu wameliandika kwenye karatasi. Ni waigizaji, wanalipwa—

UGBAD: Najua ni waigizaji! Si mimi ninayetafsiri? Lakini nimeapa, Leyla. Makame akitoka, Bishar yuko hai, namkataa Dekow na kungoja hata miaka ishirini. Asipotoka, nakubali. Wazee wanakaa leo baada ya alasiri, na jibu ni leo. Asubuhi Barre amekuja mlangoni, akaniambia, binti yangu, uliza vizuri. Yule mtu akiwa amerudi, wazee nitawarudisha mimi mwenyewe.

[mkwaruzo]

UGBAD: Haloo? Umekatika?

LEYLA: Niko.

UGBAD: Sasa sema. Mkono ulikuwa wa nani?

LEYLA: Ule mkono...

UGBAD: Leyla, sarafu zinakwenda!

LEYLA: Wa jini.

UGBAD: Nini? Sikusikia vizuri.

LEYLA: Mkono ulikuwa wa jini. Sirad amepata.

UGBAD: Na Makame?

LEYLA: Makame alikufa, Ugbad. Zamani. Karibu na siku ya kwanza.

UGBAD: Haiwezekani. Tatu ameteremsha taa kila jioni, na kila jioni kamba ilivutwa. Nani alikuwa akivuta?

LEYLA: Hakuna mtu. Maji tu.

UGBAD: Miaka yote?

LEYLA: Miaka yote. Unakaa bure hapo, abaayo. Wewe bado ni mbichi. Dekow ni kijana mwenye heshima, hatakutesa. Kubali tu. Kubali leo, jifunge kibwebwe uendelee na maisha.

UGBAD: [anavuta pumzi] Haa.

LEYLA: Unalia?

UGBAD: Sijui. Wananitazama kupitia kioo. Sirad ameshaanza kutabasamu, sijui ameonaje usoni mwangu. Barre amesimama. Alikuwa amekaa, sasa amesimama.

LEYLA: Toka, uwaambie hivyo hivyo, yaishe.

UGBAD: Ndiyo. Nitawaambia. Leyla.

LEYLA: Ee?

UGBAD: Na vigelegele?

LEYLA: Vigelegele vipi?

UGBAD: Umesema ghorofa nzima vigelegele. Umesema halwa. Watu wa Eastleigh siku hizi wanampigia maiti vigelegele?

LEYLA: Walikuwa... ni wale vijana tu, wewe unajua vijana—

UGBAD: Na yule wa chuo, alikasirika kwamba mwisho ni peremende. Makame kufa kisimani ni peremende? Leyla, nimetafsiri miaka minne. Najua maneno yanayotoka kwenye televisheni na maneno yanayotoka kwa mtu. Haya ni yako.

LEYLA: Abaayo, nisikilize—

UGBAD: Makame ametoka? Ndiyo au siyo!

LEYLA: Ametoka.

UGBAD: Ametoka! [anacheka, analia] Wallahi ametoka! Ametokaje? Niambie vizuri, kila neno, nitawaambia kama ulivyosema.

LEYLA: Ni mkono wake. Tatu akaushika akavuta. Akatoka, shati limelowa, ndevu mpaka kifuani. Wakatazamana. Makame ndiye aliyeanza kusema, "Taa yako imekaribia kuzimika." Hivyo tu. Basi, ndiyo mwisho.

UGBAD: "Taa yako imekaribia kuzimika." Ya Rabbi. Na wewe ulitaka kunificha hilo? Wewe, dada yangu, tumbo moja? Nani amekutuma? Wazee? Wamekufikia mpaka huko?

LEYLA: Hakuna aliyenituma.

UGBAD: Basi moyo wako umekuwa jiwe. Acha nifungue mlango niwaambie, mzee wa watu ameshasogea mlangoni—

LEYLA: Usifungue! Ugbad, usiwaambie! Nakuomba kwa jina la mama!

UGBAD: Kwa nini?

LEYLA: Kwa sababu utangoja!

UGBAD: Ndiyo, nitangoja!

LEYLA: Utangoja miaka ishirini mtu ambaye—

[tii, tii, tii]

UGBAD: Ngoja, ngoja, inalia! Sarafu... iko wapi... [sarafu inaanguka] Haloo? Leyla? Bado uko?

LEYLA: Niko.

UGBAD: Mtu ambaye nini? Tulipoanza ulisema barua. Ilikuwa na nini ndani?

LEYLA: Niliandika tu kwamba nitakuja Ijumaa, nina jambo la kukwambia ana kwa ana. Wallahi, nimeshaomba ruhusa kwa Maka, nimekata tikiti ya basi. Nilitaka nikushike mkono. Haya si maneno ya kwenye simu.

UGBAD: Simu ndiyo hii. Sema.

LEYLA: Kuna mzee mmoja, mchunga ngamia, wa upande wa El Wak. Ameletwa Nairobi kutibiwa macho. Wiki mbili zilizopita aliingia hapa dukani, anashikwa mkono na mwanawe. Anauliza duka kwa duka watu wa Barre wa Garissa. Ana kipochi.

UGBAD: Kipochi gani?

LEYLA: Cha kitambaa. Cha kijani. Ndani kuna kipande chake cha kitambulisho, na ile kadi ya pinki ya kuthibitisha uraia tuliyopewa Wasomali.

UGBAD: Watu wengi wana vipochi. Kila msafiri ana kipochi.

LEYLA: Ee.

UGBAD: Kijani ni rangi ya kawaida.

LEYLA: Ee, abaayo.

UGBAD: Kimeshonwa kwa uzi gani?

LEYLA: Ugbad...

UGBAD: Uzi gani, Leyla!

LEYLA: Uzi wa gunia.

[mkwaruzo mrefu]

UGBAD: Sikuwa na mwingine. Lori lilikuwa linanguruma nje, dereva anapiga honi, yeye amesimama mlangoni anacheka, ananiambia wewe mwanamke utanichelewesha. Nikachomoa uzi kwenye gunia la sukari. Nikamwambia ukirudi nitakishona upya, na uzi mzuri.

LEYLA: Nimekiona kwa macho yangu. Nimesoma jina lake. Innaa lillaahi—

UGBAD: Usiseme! Ukisema lazima niitikie, na wananitazama. Lini?

LEYLA: Siku ya tatu tangu aondoke. Lori lilimiminiwa risasi kabla ya El Wak. Yule mzee alikuta watu watatu, akawazika yeye na wanawe chini ya mgunga. Aliwasomea, Ugbad. Aliwaelekeza kibla. Alinishika mkono akaniapia, akaniambia, mwambie mwenye kipochi sikumwacha jua limchome.

UGBAD: Na miaka minne alikaa kimya?

LEYLA: Hajui kusoma. Na aliogopa, kitambulisho cha maiti mkononi mwako, askari akikukuta nacho utamweleza nini? Alikificha ndani ya zizi. Sasa macho yanakwisha, akaona asife nacho. Hospitalini ndipo alipopata mtu wa kumsomea.

UGBAD: Siku ya tatu.

LEYLA: Ee.

UGBAD: Siku ya tatu ilikuwa Jumanne. Timiro alikuja kuniita, akasema njoo utusaidie Kiswahili, kuna kipindi kipya cha majini. Nikaenda. Nikacheka sana siku ile. Leyla, eda ni miezi minne na siku kumi.

LEYLA: Acha hayo sasa.

UGBAD: Huhesabiwa tangu mtu afe, si tangu uambiwe. Basi eda yangu imekwisha. Ilianza ikaisha, mimi niko kwenye mkeka wa Timiro natafsiri. Sikumvalia nyeupe hata siku moja. Nilikuwa mjane na hina mikononi! Nani ameona jambo kama hili?

LEYLA: Hukujua. Mungu anajua hukujua.

UGBAD: Na ndiyo maana ukasema alikufa karibu na siku ya kwanza. Hata ukidanganya hujui kudanganya.

LEYLA: Nilitaka tu usiape tena. Nilitaka kiapo chako kikufungue usingoje, halafu nije Ijumaa nikwambie taratibu. Nisamehe.

UGBAD: Anagonga kioo.

LEYLA: Nani?

UGBAD: Barre. Anagonga kwa tasbihi. Ananionyesha tu kidole juu, kama kuuliza. [kwa Kisomali, akigeuka] Bado kidogo, aabo, baba yangu. Bado.

LEYLA: Mwambie, Ugbad. Ni mwanawe.

UGBAD: Nimwambie hapa? Mbele ya Sirad na Shamso na wauza maziwa wote wa Garissa, wamekuja kusikiliza habari za tivi? Mzee wa miaka sabini adondoke kwenye vumbi la posta?

LEYLA: Basi mpeleke nyumbani, umwambie huko.

[tii, tii, tii]

UGBAD: Inalia tena. Sina— ngoja. Barre ameiona taa nyekundu ya simu. Anapitisha sarafu kwenye kioo kilichovunjika, masikini, atajikata mkono— [kwa Kisomali] Ahsante, aabo. [sarafu inaanguka] Leyla, hii ndiyo ya mwisho, na ni yake. Sikiliza vizuri.

LEYLA: Nasikia.

UGBAD: Njoo Ijumaa kama ulivyopanga. Njoo na kipochi, na yule mzee ukiweza, amwambie Barre kwa ulimi wake kwamba alimwelekeza kibla. Maneno hayo sitaki kuyatafsiri mimi.

LEYLA: Na leo? Wazee wa alasiri?

UGBAD: Leo Makame ametoka kisimani. Si ndivyo ilivyokuwa? Si nilitumwa kuuliza hilo?

LEYLA: Ugbad, utamfurahisha bure! Ni ukatili.

UGBAD: Najua ni ukatili. Mimi walinipa mpaka hadithi iishe. Na mimi nampa mpaka Ijumaa. Siku tatu, Leyla. Atakula chakula chake, atalala usingizi. Halafu nitakaa naye chini tulie pamoja, na Dekow nitamjibu nikiwa na akili yangu.

LEYLA: Na wewe? Siku tatu utabebaje peke yako?

UGBAD: Nitapika. Nitafua. Shika simu hapo, usikate. Nafungua mlango.

LEYLA: Ugbad, subiri—

UGBAD: [mbali kidogo, kwa Kisomali] Sikilizeni! Mkono ni wa Makame. Tatu ameuvuta. Ametoka! Shati limelowa, ndevu mpaka hapa, na amesema... amesema, "Taa yako imekaribia kuzimika." [vigelegele] Ndiyo, aabo. Nimeuliza vizuri. Amerudi. Amerudi, aabo.

LEYLA: Ya Allah, Ya Allah...

UGBAD: [karibu] Leyla? Uko?

LEYLA: Niko.

UGBAD: Unamsikia? Nimenyoosha waya mpaka mlangoni. Huyo ndiye yeye.

LEYLA: Anayecheka?

UGBAD: Huyo. Amemshika Sirad bega, hata amesahau kwamba ni mwanamke wa watu. Miaka minne sijamsikia akicheka.

LEYLA: Namsikia, abaayo. Namsikia.

UGBAD: Lazima nitoke, ananiita. Nitamwambia machozi ni ya furaha. Na Leyla, Ijumaa, basi likiharibika njiani, ukaona dereva anakunywa chai tu, msimharakishe—

[tii, tii, tii]